Shangazi Asiye na Jina

Mtu huzaliwa hana nguo wala mali, lakini hakai siku nyingi kabla hajapewa jina. Jina ni la kwanza katika vitu apewavyo na wenziwe, na ni la mwisho kumtoka. Maana nguo huchakaa na mali hurithiwa, bali jina hubaki midomoni mwa waliosalia. Kwa hiyo kumfuta mtu jina ni adhabu iliyopita kifo. Aliyeuawa hupotewa na siku zilizokuwa mbele yake. Aliyefutwa jina hupotewa na za mbele na za nyuma pamoja. Katika insha hii nataka kunena juu ya wanawake wa Kichina wa ughaibuni, hasa wa Marekani, na vitabu walivyoandika. Wataalamu wamesema mengi juu ya vitabu hivyo, kwamba ni habari za watu wenye nchi mbili, lugha mbili na desturi mbili. Ni kweli. Walakini naona kuwa chini ya ubishi wa nchi na lugha pana jambo dogo na kongwe zaidi, nalo ni jina la mwanamke na haki yake ya kusema "mimi".

Mwaka 1976 Maxine Hong Kingston, aliyezaliwa mjini Stockton katika California mwaka 1940 kwa wazazi waliotoka kusini mwa Uchina, alitoa kitabu kiitwacho The Woman Warrior, maana yake mwanamke mpiganaji. Sura yake ya kwanza ni habari ya dada wa baba yake. Mwaka 1924 wanaume wa nyumba ile, pamoja na mume mpya wa dada huyo, walipanda meli kwenda Marekani, nchi ambayo Wachina wa kusini waliiita Mlima wa Dhahabu. Miaka ikapita. Yule mwanamke akaonekana ana mimba, na mumewe alikuwa ng'ambo siku nyingi mno kuweza kuwa baba wa mtoto. Usiku wa kujifungua wanakijiji waliivamia nyumba, wakachinja mifugo, wakavunja vyombo, wakatawanya nafaka. Alijifungua peke yake katika banda la nguruwe. Kisha alikutwa, yeye na mtoto wake, wamekufa ndani ya kisima cha nyumba. Tangu hapo jina lake halikutajwa tena, na kaka yake aliishi kama mtu ambaye hakupata kuwa na dada.

Binti aliambiwa habari hii na mama yake siku alipovunja ungo, akakanywa asimwambie mtu yeyote, na zaidi ya wote asimwambie baba yake. Msomaji wa Kiswahili hataiona sura hii kuwa ngeni. Kwetu nako msichana akivunja ungo huitiwa kungwi au somo, akaambiwa mambo ambayo jana hayakuwa yake kuyasikia; na tangu mwaka 1858 twajivunia utendi wa Mwana Kupona, mama aliyempa bintiye wasia kabla ya kufa. Tofauti ni hii, kwamba wasia wa mama wa Kingston haukuwa dira bali ulikuwa kitisho. Alimpa binti kisa akamnyima jina la mwenye kisa.

Kiingereza, lugha aliyoandikia Kingston, kina neno moja tu kwa dada wa baba na dada wa mama. Kichina huwatenga, na Kiswahili kadhalika. Nilipokisoma kitabu hiki kwanza, nikiwa mwanafunzi, kilinihuzunisha kama msiba wa mtaa wa mbali. Lakini jioni moja niliwasimulia wenzangu kwa Kiswahili. Ulimi ukatafuta neno, ukapata "shangazi", na msiba ukahamia nyumbani. Maana kwetu shangazi si jamaa wa pembeni. Ni baba wa kike. Neno lake lina uzito katika posa, mkono wake huonekana katika arusi, na mtoto wa kaka humwogopa na kumkimbilia kwa wakati mmoja. Ukimwondoa shangazi, hukuondoa mtu mmoja katika nyumba. Umeondoa nguzo ya upande wa baba, na paa lote limeinama. Nikaelewa kwa nini baba yule alinyamaza maisha yake yote. Hakuwa amesahau. Alikuwa anaishikilia kwa mikono yake nyumba iliyopungua nguzo.

Msomaji mwepesi wa hukumu aweza kusema: tazameni ukatili wa desturi za Kichina. Asiseme upesi hivyo. Kisa hiki kina washitakiwa wawili, na mmoja wao hakuwako kijijini usiku ule. Mwaka 1875 Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia wanawake walioletwa kwa ukahaba, ikatumiwa kwa namna iliyomfanya karibu kila mwanamke wa Kichina kuwa mshukiwa. Mwaka 1882 ikaja sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina, na mahakama zikaamua kuwa mke wa kibarua ana hali moja na mumewe. Hesabu ya watu ya mwaka 1890 ilikuta katika Marekani wanaume wa Kichina wapatao 27 kwa kila mwanamke mmoja wa Kichina. Na mwaka 1924, mwaka ule ule wa safari ya hadithi yetu, sheria nyingine ilikaza komeo. Kwa muda hata mke wa Mchina aliyekuwa raia wa Marekani alikataliwa kuingia. Sheria za kuwazuia Wachina hazikufutwa mpaka 1943, na hapo pia waliruhusiwa 105 tu kwa mwaka. Desturi ya kijiji ilimtaka mwanamke ailinde nyumba. Sheria ya ugenini ilihakikisha kuwa nyumba itabaki bila mume. Shangazi alisagwa kati ya mawe mawili. Jiwe la chini lilikuwa kijiji chake, na la juu lilikuwa dola ya mbali ambayo hakupata kuiona.

Hata wale waliofika hawakuachiwa sauti sawasawa. Katika ghuba ya San Francisco kiko kisiwa kiitwacho Angel Island, ambako tangu 1910 mpaka 1940 wahamiaji walizuiliwa na kuhojiwa, wengine kwa siku, wengine kwa miezi. Wanaume wa Kichina waliandika na kuchonga mashairi katika kuta za mbao za mabweni yao. Mwaka 1970 mlinzi mmoja wa bustani ya jimbo ya mahali pale aliyaona wakati ambapo jengo lilikuwa libomolewe, na mwaka 1980 Him Mark Lai, Genny Lim na Judy Yung waliyakusanya katika kitabu. Wanawake waliwekwa katika jengo la utawala, na jengo hilo liliungua mwaka 1940. Ikiwa kuta zao zilikuwa na mashairi, yalikwenda na moto. Twasoma leo huzuni ya wanaume kwa herufi zao wenyewe. Huzuni ya wanawake hatuna budi kuitafuta katika vitabu vya mabinti na wajukuu.

Wa kwanza kujulikana katika waandishi hao alikuwa na majina mawili. Edith Maude Eaton alizaliwa Macclesfield katika Uingereza mwaka 1865, baba yake Mwingereza na mama yake Mchina, akalelewa Montreal katika Kanada. Uso wake haukumfichua. Angeweza kupita kama Mzungu mpaka kaburini, na asiwepo wa kumwuliza. Yeye alichagua kuandika kwa jina la Sui Sin Far, ambalo ni jina la ua katika Kichina. Katika makala ya mwaka 1909 asimulia karamu moja ambapo mwajiri wake na wageni wengine waliwanena Wachina kwa dharau, hata wakatilia shaka kama wana roho. Angeweza kunyamaza na kumaliza chakula chake. Akainua kichwa akasema kuwa yeye ni Mchina. Dada yake Winnifred, aliyekuwa na damu ile ile, aliona kuwa Wajapani walipendwa kuliko Wachina wakati ule, akaandika hadithi zake kwa jina la kubuni lenye sauti ya Kijapani, akapata wasomaji wengi. Simlaumu; njaa ni hoja. Lakini Edith alipokufa mwaka 1914, miaka miwili baada ya kutoa kitabu chake Mrs. Spring Fragrance, Wachina walimwekea jiwe kaburini lenye maneno ya Kichina ya kumsifu kwamba hakuisahau Uchina. Huyu alijitwalia jina ambalo wengine walikuwa wakililipia nauli kulikimbia.

Kizazi cha pili kilikuta kizuizi kingine. Jade Snow Wong, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1922, alitoa mwaka 1950 kitabu cha maisha yake kiitwacho Fifth Chinese Daughter, yaani binti wa tano wa Kichina. Baba yake alikataa kumlipia masomo ya juu, kwa kuwa fedha ilikuwa ya kumsomesha mwana wa kiume; akafanya kazi za nyumbani kwa watu mpaka akahitimu, kisha akawa mfinyanzi mashuhuri. Mtu aliyeshinda hivi ana haki ya kujisimulia kwa kifua mbele. Lakini kitabu chote chamtaja yeye mwenyewe kama mtu mwingine: Jade Snow alikwenda, Jade Snow aliona. Mwenyewe aeleza kuwa adabu ya Kichina haipendi mtu kujitanguliza kwa "mimi". Amehesabiwa kwa nafasi yake katika uzao, akajiandika kwa umbali, na serikali ya Marekani ikamtuma Asia mwaka 1953 awe mfano wa neema yake. Huyo ni mwanamke aliyesema mengi, na "mimi" yake ilibaki imekaa barazani ikingoja kukaribishwa ndani.

Kingston aliligeuza jambo hili kuwa swali la herufi. Alipokuwa mtoto shuleni alitatizwa na "mimi" ya Kiingereza, ambayo ni mistari mitatu tu iliyosimama kama mlingoti, hali "mimi" ya Kichina ni mistari saba iliyoshonana. Tena akumbusha kuwa Kichina kilikuwa na neno la "mimi" la kike lenye maana ya mtumwa. Msomaji wa Kiswahili na atazame hapa lugha yake mwenyewe. "Mimi" yetu haina mistari saba wala mlingoti. Huingia katika kitendo kama uzi katika ushanga: nasema, nilikwenda, nitarudi. Na "yeye" yetu haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Katika Kichina cha mdomoni ni vivyo hivyo. Umeisoma insha hii mpaka hapa na sarufi haijakuambia kama niliyeiandika ni mume au mke. Lakini tusijisifu upesi. Sarufi yaweza kuwa na usawa ambao nyumba haina. Kichina hakikutenga "yeye" kwa sauti, na bado shangazi alikufa kisimani.

Waandishi waliofuata walionyesha kuwa jina la mwanamke laweza kupotea kwa njia nyingi. Katika The Joy Luck Club ya Amy Tan, iliyotoka mwaka 1989, nyanya amwambia mjukuu kuwa mama yake ni mzuka, asilitaje jina lake, kwa kosa la kuwa suria wa tajiri. Mama mwingine katika kitabu hicho afika Marekani pamoja na mume Mzungu, naye kwa furaha amwandikisha jina la Betty na mwaka wa kuzaliwa usio wake. Kwa mkato wa kalamu akapoteza jina la wazee wake, na katika hesabu ya Kichina ya miaka aliyezaliwa Chui akaamka Joka. Hapa hapana ukatili, ni mapenzi ya mume. Na hilo ndilo linalotisha. Naye Nie Hualing, aliyezaliwa Uchina mwaka 1925, akakimbilia Taiwan mwaka 1949, akahamia Marekani mwaka 1964, aliandika kwa Kichina riwaya ya mwanamke aliyepasuka nafsi mbili, Mforosadi na Mfyulisi, ambapo wa pili amwambia ofisa wa uhamiaji kuwa wa kwanza amekufa. Riwaya hiyo ilianza kuchapishwa gazetini Taiwan mwaka 1970, ikasimamishwa. Kitabu kamili kikatoka Hong Kong mwaka 1976. Kijiji, mume, ofisa wa mpaka, mhakiki wa serikali: wote walikuwa na kifutio mkononi.

Sasa twafika penye ubishi mkubwa. Mwaka 1991 Frank Chin, mwandishi wa tamthilia mwenye asili ya Kichina, alitoa insha kali akiwashitaki Kingston na Tan kwamba wameghushi ngano za wazee ili wawapendeze Wazungu. Ushahidi wake si wa kudharauliwa. Katika The Woman Warrior binti shujaa Fa Mu Lan huchanjwa maneno mgongoni na wazazi wake kabla ya kwenda vitani. Utenzi wa kale wa Kichina hauna jambo hilo. Maneno ya mgongoni ni ya Yue Fei, jemadari mwanamume wa zama za Song. Zaidi ya hayo, asema Chin, vitabu hivi humwonyesha mwanamume wa Kichina kuwa jeuri, na kumpa Mzungu sababu mpya ya dharau ya kale. Na kweli walikuwapo wahakiki wa Kimarekani waliokipenda kitabu cha Kingston kwa ajili ya ugeni wake; mwenyewe alilalamika hadharani juu yao mwaka 1982. King-Kok Cheung, mwanachuoni wa kike, aliuliza mwaka 1990 kama ni lazima mhakiki achague kati ya kumtetea mwanamke na kuitetea heshima ya kabila.

Swali hili si la Wachina peke yao. Kila mwanamke wa jamaa iliyodharauliwa hulikuta njiani siku anaposhika kalamu. Akiyasema mabaya ya nyumbani, ametoa panga kwa adui wa nje. Akiyanyamazia, ameshika mguu mmoja wa jeneza la shangazi. Juu ya ngano za mashujaa naona Kingston ana udhuru, kwa kuwa hadithi ikivuka bahari hubadili nguo, na maneno ya mgongoni aliyataka kwa sababu yeye naye aliandikwa na wazee wake kabla ya kujua kusoma. Lakini juu ya shangazi hahitaji udhuru. Hapo hakughushi. Alikuwa hajui kama alilazimishwa au alipenda. Akatoa njia hii na ile, kila moja kwa "labda". Alikuwa hajui jina, na hakubuni jina. Mtunzi wa riwaya angeweza kumwita kwa jina zuri la ua, na msomaji angeridhika. Yeye aliacha mahali pa jina patupu, pakaonekana.

Katika ukoo wetu pia pana mahali patupu. Babu yangu mzaa baba alizoea kuwahesabu ndugu zake kwa vidole, na kidole cha nne alikikunja bila neno, akaendelea na cha tano. Sisi watoto tulidhani ndivyo anavyohesabu. Siku chache kabla sijaolewa, bibi aliniita jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini jina la kidole cha nne, na sababu. Mzee mmoja wa nyumba, alipojua kuwa najua, alinikanya kwa methali: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nimeitafakari methali hiyo miaka mingi, na naona inasema kinyume cha alivyotaka mzee. Mwosha huiona aibu na kuisitiri. Lakini hamfichi maiti. Humwosha, humvika sanda, humtoa mlangoni mchana, na watu wote hujua ni fulani binti fulani anayezikwa. Kusitiri ni kazi ya heshima. Kufuta si kazi ya mwosha.

Kwa kipimo hiki nawapima wote. Kijiji kiliitangaza aibu na kuzika jina. Ni mwosha aliyegeuza kazi yake. Frank Chin alitaka aibu isitiriwe mbele ya wageni, na hilo lina heshima yake, ila hakutuambia nani atalirudisha jina. Kingston alirithishwa aibu bila jina, na mtu aliyepewa nusu hawezi kurudisha nzima. Alichoweza ni kuandika kuwa alikuwapo. Wachina huwachomea wafu wao nguo na nyumba za karatasi. Yeye asema karatasi alizompa shangazi yake ni za kitabu. Nadhani sadaka hiyo ilifika.

Mimi nilipewa vyote viwili, na kwa hiyo wajibu wangu ni mwepesi kuliko wake. Sababu nimeisitiri, wala sitaiandika hapa. Jina nimewafundisha wanangu pamoja na majina ya ndugu wote wa babu yao mkuu, kwa zamu yake, baada ya la tatu na kabla ya la tano. Wanalitamka kama wanavyotamka mengine, bila kushusha sauti.